Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: muziki wa kufungulia tamthilia za kisamurai za Kijapani

Haya ni maswali ambayo watu wanarudia kuuliza kila zikitajwa hizi tamthilia. Yale mepesi yako juu, yale ya wenye kiu zaidi yako chini. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye swali lingine nenda tu, sikutaka kurudia rudia.

## Misingi

Hizi jidaigeki ni tamthilia gani hasa?

Ni tamthilia za Kijapani zenye hadithi za zamani, na hiyo zamani mara nyingi ni kipindi cha Edo, 1603 mpaka 1868, wakati ukoo wa Tokugawa ndo ulikuwa umeshika nchi kupitia mashoguni wao, yaani watawala wa kijeshi. Humo utakutana na samurai, mahakimu, wezi, wafanyabiashara wanaohonga maofisa, wacheza kamari wanaotangatanga njiani, na raia wa kawaida ambao kila wiki wanaonewa na mtu. Kwenye TV zilitamba kuanzia miaka ya 60 mpaka mwisho wa miaka ya 90 hivi, na nyingi zilirekodiwa Kyoto, hasa kwenye studio za Toei pale Uzumasa, ambako kuna mitaa mizima ya mji wa kale iliyojengwa kwa ajili ya kupiga picha.

Mbona watu wanakumbuka muziki kuliko hata hadithi?

Sababu hadithi zenyewe zinafanana wiki hadi wiki, na zinafanana kwa makusudi. Mnyonge anaonewa, mwovu anajiamini, shujaa anajificha kama mtu wa kawaida, mwisho anajitambulisha na haki inatendeka. Mtazamaji anajua kabisa kitakachotokea, anachosubiri ni lini, na hiyo lini anaambiwa na muziki. Ikipigwa ile ya kufungulia, wa jikoni anajua kimeanza. Ikipigwa ya pambano, babu aliyekuwa anasinzia anaamka. Ikipigwa ya kufungia, watoto wanajua muda wa kulala umefika.

Alafu muziki wenyewe haukubadilishwa hovyo. Mito Kōmon ilianza 1969 ikaenda mpaka 2011 na wimbo uleule, wamebadilika waigizaji, wamebadilika waimbaji, wimbo umebaki. Mtu aliyeusikia akiwa mtoto mgongoni mwa bibi yake ameusikia tena akiwa na wajukuu zake mwenyewe.

Mimi sijawahi kusikia hata mmoja, nianzie wapi?

Anza na mitatu: wa Mito Kōmon, wa Abarenbō Shōgun, na ule wa kufungia wa Onihei Hankachō. Sikiliza kwa mpangilio huohuo siku moja. Wa kwanza unaimbwa na wanaume wawili kwa mdundo wa kutembea, wa pili hauna maneno na unakimbia kama farasi, wa tatu ni magitaa matupu. Ukimaliza hiyo mitatu utakuwa umeshagundua jambo ambalo ndo swali linalofuata.

Nilitegemea zile ala za nyuzi za Kijapani, shamisen na koto, na zile ngoma kubwa, mbona nasikia tarumbeta na gitaa?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote. Watu wengi wanadhani muziki wa samurai lazima uwe muziki wa kale wa Japani, kumbe zile nyimbo ambazo Wajapani wenyewe wanazitaja kwanza ukiwauliza karibu zote zimejengwa kwa ala za kutoka nje. Tarumbeta, fidla, gitaa la umeme, besi, okestra kamili. Ala za kienyeji zipo, filimbi ya shakuhachi inapita pale, shamisen inagonga hapa, ila mara nyingi zinatia rangi tu, mzigo wenyewe wamebeba wengine.

Sababu yake inaeleweka ukiwaangalia watunzi. Walikuwa watu wa baada ya vita, wamekulia kwenye jazi, rokabili (ile roki ya mwanzo ya Marekani), sinema za kauboi na okestra za Ulaya. Wakipewa kazi ya kuandikia kipindi cha TV cha mwaka 1970 hawaandikii watu wa mwaka 1700, wanaandikia mtu aliyerudi kazini amechoka, amekaa mbele ya runinga na chakula chake. Wanachochota kwenye mila ni kitu kingine kabisa, ni ngazi ya sauti. Nyimbo nyingi za aina hii zinatumia ngazi ya sauti 5, ileile inayotumika kwenye enka, zile nyimbo za Kijapani za majonzi na mapenzi. Ndo maana hata ikipigwa na tarumbeta bado inasikika ya Kijapani.

## Nyimbo zenyewe, mmoja mmoja

Wimbo wa Mito Kōmon una nini cha ajabu?

Tuanze na kipindi chenyewe. Kilirushwa na stesheni ya TBS Jumatatu saa 2 usiku. Mzee mmoja anatembea nchi nzima na vijana wake wawili, Suke-san na Kaku-san, anajifanya mfanyabiashara mstaafu, kumbe ni Tokugawa Mitsukuni, mtawala wa zamani wa Mito na ndugu wa damu wa mashogun, mtu wa kweli wa historia aliyeishi 1628 mpaka 1701 (safari zenyewe za nchi nzima ndo hadithi tu). Kuelekea mwisho wa kipindi kijana mmoja anatoa kikasha cha dawa chenye nembo ya ukoo wa Tokugawa, na wote wanaanguka kifudifudi. Mwaka 1979 kipindi kimoja kilifikisha asilimia 43.7 ya watazamaji, jaribu kufikiria karibu nusu ya nyumba zilizopimwa zinamtazama mzee yuleyule kwa wakati mmoja.

Wimbo unaitwa "Aa Jinsei ni Namida Ari". Muziki ni wa Kinoshita Chūji, mdogo wake mwongozaji wa filamu Kinoshita Keisuke, na maneno ni ya Yamagami Michio. Unaanza na ngoma inayogonga mdundo unaojirudia wa bolero, na mdundo huo hauachi mpaka mwisho, ni miguu ya watu watatu barabarani. Juu yake wanaume wanaimba habari za maisha, kwamba raha ipo na taabu ipo, kwamba usipopiga hatua utapitwa. Hamna hata neno la panga. Yaani kipindi cha mapambano kinafunguliwa kwa nasaha za mzee, na nadhani hapo ndo siri yake ilipo, sababu mtu hahitaji kujua lolote kuhusu samurai ili wimbo umguse.

Waimbaji kwa miaka mingi walikuwa haohao waliocheza Suke-san na Kaku-san. Wa mwanzo ni Sugi Ryōtarō na Yokouchi Tadashi. Baadaye akaja Satomi Kōtarō kama Suke-san, na huyo Satomi akaja kuwa mzee Kōmon mwenyewe kuanzia 2002 mpaka mwisho wa sirizi. Kwa hiyo ukisikia matoleo mawili yenye sauti tofauti usishangae, yote ni halali.

Ni kweli unaweza kuuimba wimbo wa Mito Kōmon kwa maneno ya wimbo mwingine?

Kweli, na Wajapani wanaufanya mchezo huu sana. Kuna wimbo wa watoto unaitwa "Donguri Korokoro", wa tunda la mwaloni lililoviringika likatumbukia bwawani. Chukua maneno yake uyaimbe kwa sauti ya Mito Kōmon, yanakaa sawasawa. Alafu geuza, maneno mazito ya Mito Kōmon uyaimbe kwa sauti ya tunda la mwaloni, nayo yanakaa.

Msomaji wa mashairi ya Kiswahili hapa hahitaji kuelezwa sana, hii ni mizani tu. Shairi la 8 kwa 8 linaimbika kwa sauti ya shairi lolote la 8 kwa 8, ndo maana malenga wanaweza kujibizana kwa sauti ileile. Wajapani nao wana mapigo yao ya 7 na 5, na nyimbo hizi mbili zote zinacheza humohumo, kipande cha kwanza kinatanuka kidogo mpaka 8 alafu kinajibiwa na 5. Mizani ikilingana nyimbo zinabadilishana nguo.

Na ule wa farasi mweupe ufukweni?

Huo ni Abarenbō Shōgun, wa TV Asahi, ulioanza 1978. Matsudaira Ken anacheza shogun wa 8, Tokugawa Yoshimune, ambaye anatoka ikulu kwa siri na kukaa na watu mtaani akijiita jina lingine. Ilienda kama kipindi cha kila wiki mpaka 2002, zaidi ya vipindi 800, na mwezi wa kwanza 2025 ilirudi kwa kipindi maalumu, Matsudaira Ken huyohuyo akiwa juu ya farasi.

Muziki ni wa Kikuchi Shunsuke. Matarumbeta yanaingia, nyuzi zinajibu, mdundo unakimbia, na huku shogun anapita mbio kwenye mchanga na mawimbi. Hakuna wimbo wa kufungulia wa TV ninaoujua unaokupa picha haraka kama huu, sekunde 5 tu umeshamwona mtu wa heshima anayetaka kutoka nje ya geti.

Ila kama una haraka ya kuelewa kwa nini Kikuchi anaheshimiwa, usiishie kwenye ya kufungulia, subiri ya pambano. Maovu yameshaanikwa, mwovu amekataa kujiua kwa heshima na ameagiza watu wake wamuue shogun. Yoshimune anachomoa upanga, anaugeuza apige kwa mgongo wa upanga na sio makali, unasikia ule mlio wa chuma, na hapohapo muziki unaingia. Mlio wa upanga umekuwa sehemu ya muziki. Nimeona watu wasiojua neno la Kijapani wakikaa wima kwenye kiti hapo.

Huyu Kikuchi ndo yule wa Doraemon?

Ndiye. Wimbo wa katuni ya Doraemon wa 1979 ni wake, muziki wa ndani ya katuni za Dragon Ball na Dragon Ball Z ni wake, Kamen Rider pia, na "Urami Bushi" wa Kaji Meiko wa 1972 ambao wengi waliusikia baadaye kwenye filamu ya Kill Bill. Alifariki Aprili 2021 akiwa na miaka 89. Kwa hiyo ukiwa ulishawahi kuangalia Goku wa Dragon Ball akipigana na moyo ukaenda mbio, ujue aliyekuwa anausukuma ni mtu huyuhuyu wa shogun na farasi. Sikiliza matarumbeta yake kwenye kazi zote mbili utaona undugu.

Kwa nini muziki wa Hissatsu unasikika kama sinema ya kauboi?

Jibu hili ni refu kidogo sababu mnyororo wake ni mzuri mno kuukata.

Mwaka 1961 Kurosawa Akira alitoa filamu ya Yojimbo, ya samurai asiye na bwana anayeingia mji wenye magenge mawili. Mwaka 1964 Mtaliano Sergio Leone akaitengeneza upya kama filamu ya kauboi, A Fistful of Dollars, bila ruhusa, mpaka wenye filamu ya Kijapani wakadai haki yao. Muziki wa hiyo ya kauboi aliandika Ennio Morricone, na sauti yake, tarumbeta ya upweke, gitaa la umeme, miluzi, ikaenea dunia nzima, Japani ikiwemo.

Sasa Januari 1972 Fuji TV wakaanzisha Kogarashi Monjirō, ya mcheza kamari anayetembea peke yake na kijiti kirefu mdomoni, chini ya usimamizi wa mwongozaji Ichikawa Kon. Wimbo wake, "Dareka ga Kaze no Naka de", ulitungwa na Komuro Hitoshi, mtu wa nyimbo za magitaa za vijana wa wakati huo, maneno akaandika Wada Natto ambaye alikuwa mke wa Ichikawa, akauimba Kamijō Tsunehiko kwa sauti nzito inayojaza bonde. Ulikuwa wimbo wa vijana kabisa, ungeweza kuuimba chuoni, na bado ulikuwa wa mtu wa Edo. Fuji TV wakateka watazamaji wa Jumamosi usiku.

Wapinzani wao, ABC ya Osaka, wakajibu Septemba mwaka huohuo kwa Hissatsu Shikakenin. Hii ni ya watu wanaolipwa kuua waovu ambao sheria imewashindwa. Muziki akapewa Hirao Masaaki, aliyekuwa nyota wa rokabili miaka ya 50. Akaja na tarumbeta ileile ya jangwani, gitaa linalogonga kama kwato, na ngoma. Yaani samurai alienda Italia akavaa kofia ya kauboi, alafu miaka 8 baadaye akarudi nyumbani na tarumbeta mkononi.

Hissatsu ikazaa sirizi nyingi, maarufu kuliko zote ni Hissatsu Shigotonin ya 1979 na Fujita Makoto kama Nakamura Mondo, ofisa mdogo anayedharauliwa kazini na nyumbani, usiku ni muuaji. Kitu cha kusikiliza humo ni jinsi wimbo wa kufungia, ule wa majonzi, unavyoondolewa maneno na kupewa tarumbeta ukawa muziki wa kwenda kuua. Ukishaujua utausikia kila mara: wanatoka gizani mmoja mmoja kwa sauti ileile ambayo dakika chache baadaye mtu ataiimba kwa huzuni. Kuua na kuomboleza vimepewa wimbo mmoja. Sijaona wazo zuri kuliko hilo kwenye muziki wa TV.

Nimeambiwa Onihei inafungwa na Gipsy Kings, ni utani?

Sio utani. Onihei Hankachō ya Fuji TV, ile ya Nakamura Kichiemon iliyoanza 1989, inafungwa na "Inspiration" ya Gipsy Kings, bendi ya familia za Kigitano (Waroma wenye asili ya Hispania) kutoka kusini mwa Ufaransa, wapigaji wa magitaa ya flamenko. Ni magitaa tu, hakuna anayeimba.

Picha zinazokwenda nayo ni za misimu minne ya mji wa Edo, yaani Tokyo ya zamani, maua ya masika, mvua na fataki za kiangazi, majani mekundu, mwisho theluji na watu wamesimama kibandani wakila tambi za moto. Ukiambiwa kwa mdomo utasema haiwezekani, flamenko na theluji ya Edo wapi na wapi. Ukiangalia utanyamaza. Hasegawa Heizō ni mkuu wa kikosi cha kukamata wezi na waunguza nyumba, mkali mpaka wanamwita shetani, ila ana huruma, na kila kipindi kinaacha mtu mmoja ambaye hakustahili yaliyompata. Yale magitaa yanakupa dakika mbili za kukaa na huyo mtu. Wimbo wa Kijapani wenye maneno ungekueleza ujisikieje, huu unakuachia.

Sirizi ya kila wiki iliisha 2001, vipindi maalumu vikaendelea mpaka 2016, na magitaa yakabaki.

Zipi nyingine za kuimbwa?

Zenigata Heiji (Fuji TV, 1966 mpaka 1984, vipindi 888, Ōkawa Hashizō akicheza mpelelezi anayerusha sarafu), wimbo kaimba Funaki Kazuo na unashikika haraka sana. Momotarō-zamurai una wimbo wa Minami Haruo, sauti ya mtu aliyezoea kusimulia jukwaani. Kwa Tōyama no Kin-san tafuta "Sukima Kaze" ya Sugi Ryōtarō ya 1976, ilifungia kipindi na ikauza sana kama santuri pembeni. Huyu Sugi ndiye aliyetajwa kwenye Mito Kōmon hapo juu. Isiyo na maneno, Ōedo Sōsamō ya Tamaki Hiroki, inayofungua kwa kishindo mpaka unatafuta upanga wako.

## Taiga za NHK

Taiga na hizi zingine tofauti ni nini?

Taiga ni tamthilia ya mwaka mzima ya NHK, shirika la umma, ilianza 1963 na inaruka Jumapili saa 2 usiku. Kila mwaka hadithi moja ya mtu au ukoo wa kihistoria, mwaka ukiisha imeisha. Kwa hiyo muziki wa kufungulia nao ni mpya kila mwaka, na karibu zote zimepigwa na okestra ya NHK yenyewe, NHK Symphony. Ni kipande cha dakika 2 na nusu hivi, kirefu kwa mambo ya TV, na hawakikati.

Kwa hiyo Mito Kōmon unaupenda kwa kuuzoea, taiga unaipenda au unaichukia kwa mwaka mmoja alafu wanakunyang'anya. Wajapani wengi wanakumbuka umri wao kwa taiga, mwaka ule nilikuwa darasa la ngapi, ilikuwa ya nani.

Nani wametunga, na nisikilize zipi?

Orodha ni watu wakubwa wa muziki wa Japani. Ya kwanza kabisa, 1963, ni Tomita Isao, ambaye baadaye alipata jina duniani kwa sinthesaiza, na aliandikia taiga 5 kwa jumla. Ya 1964, Akō Rōshi, ni ya Akutagawa Yasushi, mtoto wa mwandishi Akutagawa Ryūnosuke, na ndiyo naomba uisikilize kwanza: nyuzi zinatembea polepole kwa uzito, na juu yake inapigwa mijeledi, pa, pa. Ni hadithi ya wale samurai 47 wanaosubiri kulipa kisasi, na huo mjeledi ni subira yao. Ya 1966 ni ya Takemitsu Tōru.

Dokuganryū Masamune ya 1987, ya Ikebe Shin'ichirō, ina ala ya ajabu ya Kifaransa ya umeme inayolia kama mtu, ondes Martenot, na hiyo taiga ndo inayoshikilia rekodi ya wastani wa juu wa watazamaji, asilimia 39.7. Sanada Maru ya 2016, ya Hattori Takayuki, inaanza na fidla peke yake ya Miura Fumiaki, inakata hewa kabla okestra haijaamka. Yae no Sakura ya 2013 ni ya Sakamoto Ryūichi.

Na Taira no Kiyomori ya 2012, ya Yoshimatsu Takashi. Watazamaji hawakuwa wengi mwaka ule, lakini muziki wake kwangu uko juu kabisa. Piano anapiga Tateno Izumi, mzee ambaye kiharusi kilimwacha na mkono wa kushoto tu wa kupigia, na akaendelea kupiga kwa mkono huo. Sauti zinaachiana nafasi kubwa, hakuna haraka. Isikilize bila kufanya kitu kingine.

Morricone aliandikia taiga kweli?

Aliandika, Musashi ya 2003, ya Miyamoto Musashi mpiga panga. Ukishasoma jibu la Hissatsu hapo juu utaona uzito wake: aliyewapa Wajapani tarumbeta ya kauboi zaidi ya miaka 30 nyuma aliitwa mwenyewe kuandikia samurai.

Wageni wengine wapo?

Wapo. Ryōmaden ya 2010 muziki ni wa Satō Naoki ila sauti inayoimba ni ya Lisa Gerrard wa Australia. Kirin ga Kuru ya 2020 ni ya Mmarekani John Graham, na Kamakura-dono no 13-nin ya 2022 ni ya Evan Call, Mmarekani pia.

## Maswali ya pembeni

Kwa nini nasikia Abarenbō Shōgun kwenye besiboli ya mashule?

Sababu bendi za matarumbeta za shule za sekondari zinaipiga kushangilia, hasa kwenye mashindano ya Kōshien. Kikuchi alishaiandika kwa matarumbeta na mdundo wa mbio, bendi ya shule haina cha kubadilisha. Vijana wengi wanaoipiga hawajawahi kukiona kipindi.

Matsuken Samba ni ya sirizi gani?

Sio ya sirizi. Ni wimbo wa jukwaani wa Matsudaira Ken, yule wa Abarenbō Shōgun, na toleo lililovuma 2004 ni la pili. Kimono ya dhahabu, wachezaji kibao, samba. Haina uhusiano na Kikuchi.

Je kuna ala yoyote ya Kijapani iliyofika kwenye muziki wetu wa pwani?

Ipo, japo haihusiani na hizi tamthilia. Taishōgoto, ile ala ya nyuzi yenye vitufe kama vya taipureta, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912, ikapita India, na kwenye taarab ya pwani ya Kenya ikapigwa na kuitwa taishokoto. Ukisikiliza taarab ya zamani ya Mombasa na ukasikia nyuzi zinalia kama chuma chembamba, inawezekana ni yenyewe.

Bado zinatengenezwa?

Taiga zinaendelea kila mwaka. Za kila wiki kwenye stesheni za biashara zilikauka, na Mito Kōmon ilipoagwa Desemba 2011 wengi waliona ndo mlango umefungwa. Mavazi, mawigi, farasi, mitaa ya kale, vyote ni gharama, na watazamaji walikuwa wazee. Mito Kōmon ilirudi 2017 kwenye BS-TBS, chaneli ya setilaiti, na Takeda Tetsuya kama mzee, pia kuna chaneli ya kulipia inayorusha jidaigeki tu mchana na usiku.

Nazitafutaje mtandaoni, nikiandika kwa herufi zetu sipati?

Nakili majina ya Kijapani haya ubandike: 水戸黄門 (Mito Kōmon), 暴れん坊将軍 (Abarenbō Shōgun), 必殺仕事人 (Hissatsu Shigotonin), 木枯し紋次郎 (Kogarashi Monjirō), 鬼平犯科帳 (Onihei Hankachō), 大河ドラマ (taiga zote). Ukiongezea 主題歌 unapata wimbo wenye maneno, ukiongezea テーマ曲 unapata ule wa ala. Majina ya watu humu nimeanza na la ukoo kama wanavyoandika wenyewe, kwa hiyo Kikuchi Shunsuke unaweza kumkuta pia kama Shunsuke Kikuchi.

Angalia uliyopata ni ya asili au ni ya kupigwa upya, kuna matoleo mengi ya kinanda cha bei rahisi yaliyopakiwa kwa majina hayohayo na yanaua kila kitu, hasa Hissatsu. Kama tarumbeta haikusimamishi nywele, umepata feki, tafuta tena. Za taiga ni rahisi zaidi, kila mwaka inatoka albamu rasmi.